Gracien na Endara ya Maliba

Katembo Gracien alizaliwa Butembo, ng'ambo ya mpaka, mtoto wa kiume wa tano kwa mama yake. Hilo halina ubishi, maana kwa Wanande kama kwa ndugu zao Wakonzo jina ndilo linalohesabu: ukiitwa Katembo, wako wavulana wanne waliokutangulia mlangoni. Mkunga aliyempokea alimgeuzageuza mara tatu akimtafuta pacha, kwa kuwa kilio kilitoka kwa sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini, na sauti hizo hazikupatana hata kidogo. Pacha hakuonekana. Mkunga akamfunga kitambaa, akamkabidhi kwa mama yake, akasema huyu mmoja atawatosha.

Alipofika miaka kumi na miwili mapadri walimchukua seminari ndogo. Huko kulikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kikuukuu, ambacho panya walikuwa wamekula ngozi zake za ndani mpaka kikawa kinahema kama mtu anayepanda mlima na gunia. Noti moja, fa, ilikuwa imekufa kabisa. Gracien akajifunza kuliziba pengo hilo kwa pua. Baada ya miaka mitatu alikuwa anapiga chafya ya fa safi, na hata leo akishikwa na mafua kwaya inaweza kupata sauti yake ya kuanzia bila kugusa kinanda. Huko ndiko alikofundishwa kuandika muziki, zile alama zinazofanana na mbegu za maharage zenye mikia, zikianikwa kwenye kamba tano. Upadri wenyewe haukufika mbali. Alimwona Martine akipepeta maharage nyuma ya jiko la mapadri, na habari ya upadri ikaishia kwenye ungo ule.

Vita vilipozidi kuzunguka Beni na Butembo, wawili hao walivuka daraja la Mpondwe pamoja na watu wengine wengi, Martine na godoro kichwani, Gracien na mfuko wa karatasi. Askari mmoja aliufungua mfuko, akaona mistari na vitone, akauliza hiyo ni ramani ya nini.

"Ni muziki, afande."

"Imba kidogo tusikie."

Gracien akaimba. Ana sauti ya mlango wa bati. Askari aliufunga mfuko upesi, akamwambia apite, tena apite haraka.

Walipanga chumba Bwera, mji mdogo wa upande huu wa mpaka. Martine akapata kibanda sokoni Mpondwe cha kuuza maharage, na Gracien akapata kazi kwa wakala mmoja wa forodha, kujaza fomu za malori. Kwa mtu wa masikio yale kazi haikuwa ngumu. Lori likikaribia forodha, yeye alikuwa ameshajua limebeba nini kabla dereva hajateremka. Lenye saruji huguna. Lenye samaki wakavu wa Kahendero hupiga mluzi kwenye breki. Lenye maharage hucheka. Siku moja aliandika kwenye fomu, "maharage, na mbuzi mmoja." Dereva akaapa kwa mama yake kwamba mbuzi hayuko. Walipofunua turubai, mbuzi alikuwa amelala juu ya magunia, na aliyeshangaa kuliko wote alikuwa dereva.

Fomu zilizokosewa alipewa azitupe. Hakuzitupa. Alizigeuza upande wa nyuma, akachukua kitana cha Martine alichokivunja meno yote isipokuwa matano, akakichovya kwenye wino na kukiburuta juu ya karatasi, mistari mitano ikatoka kwa mkupuo mmoja. Juu yake akapanda maharage yake yenye mikia. Kufikia wakati wa mkasa huu Martine alikuwa amenunua vitana vinne.

Muziki wenyewe haukuwa wa kuchezea ngoma wala wa kubatizia mtoto. Mwalimu wa kwaya ya parokia aliusoma mara mbili, akamrudishia karatasi kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Maître, iko noti mbili hapa zinalala kitanda kimoja na hazijasalimiana."

"Nilitaka vile."

"Na zinafanya nini?"

"Zinabishana."

"Waamini beko na ubishi yao kwao nyumbani, Maître. Misa banakuja kupumuzika."

Basi karatasi zikaenda kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Humo mlikuwa na vipande arobaini na kimoja, na hakuna hata kimoja ambacho Gracien aliwahi kukisikia kwa masikio yake. Kimojawapo kilihitaji fidla ishirini, na kati ya Bwera na Kasese mjini fidla ilikuwa moja, nayo ilikuwa imetundikwa ukutani kwa mwalimu mstaafu, haina nyuzi. Kichwani mwake alivisikia vyote. Lakini ni kama mpishi aliyepika miaka ishirini na haonji: anasema chumvi imekolea, na nani atambishia. Gracien alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Hakuomba utajiri wala jina. Alichotaka ni kusikia kipande kimoja, mara moja, mwanzo hadi mwisho, ili ajue kama miaka yote hiyo alikuwa anaandika muziki au anachafua karatasi.

Sasa, siku moja alikwenda Maliba, kwenye vilima vya chini ya Rwenzori, kumzika mjomba wa jirani yake. Huko akaisikia endara. Ilikuwa na mbao kumi na sita za mti mgumu, fupi kama mkono na ndefu kama mguu, zimelazwa juu ya magogo mawili mabichi ya mgomba, na wanaume wanne wamekaa huku na huku wakizigonga kwa fimbo. Gracien alimsahau marehemu palepale. Alitoa kalamu akaandika sauti zote kumi na sita kwenye mkono wa shati lake jeupe, kutoka kwenye kifundo mpaka begani. Shati hilo halijafuliwa hata leo. Sauti za endara hazikuwa zile za mapadri. Ya tatu ilikuwa imepanda kidogo, ya kumi imeshuka, na ubao wa saba ulikuwa na sauti ambayo mapadri hawakuipa jina.

Miaka mitatu aliuandikia ubao wa saba. Kila kitu kiliuelekea na kuurudia. Alipomaliza alikuwa na kurasa kumi na moja, dakika ishirini na mbili, na juu yake ameandika: Kipande cha Endara, Tarumbeta na Wanawake Wanane.

Wanawake walipatikana kwanza. Rachelle, muuza vitenge kutoka Beni, mwenye kifua cha kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto, aliwakusanya wenzake saba baada ya misa. Wimbo haukuwa na maneno. Waliimba a, waliimba o, na mahali pengine waliimba m tu, midomo imefungwa.

"Tutaimba hii m mpaka lini?" Rachelle aliuliza.

"Mpaka tarumbeta iingie."

"Na ikichelewa?"

"Mutapumua kwa zamu."

"Miye nilizaa watoto sita, Maître. Hata daktari hakuniambia nipumue kwa zamu."

Lakini waliimba. Mwanamke aliyefunga mdomo dakika nne huwa na mengi ya kusema baadaye, na waume zao waliona tofauti, wengine wakamshukuru Gracien njiani.

Tarumbeta alikuwa nayo koplo Tonny wa kambi ya jeshi, mtu wa Lira, aliyewahi kupiga kwenye bendi kabla ya kutumwa huku mlimani kulinda. Yeye alisoma karatasi kama mtu anavyosoma barua ya nyumbani, midomo ikicheza. Siku ya kwanza ya mazoezi aliupiga ukurasa wa kwanza wazi, nyuma ya mabweni, na nusu ya kombania ikatoka na sahani mikononi ikajipanga mistari, mmoja wao na sabuni kichwani. Tangu siku hiyo alipiga akiwa amesokomeza bereti mdomoni mwa tarumbeta.

Ikabaki endara. Mwenyewe alikuwa Ezironi wa Maliba, fundi seremala, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Mbao zake hukaa juu ya jiko la mama yake, kwenye uchaga, zikinywa moshi.

"Nani amekufa?" Ezironi aliuliza.

"Hakuna mutu alikufa."

"Kuna vijana wanatahiriwa?"

"Hapana."

"Basi mbao zinashuka kufanya nini?"

Kwenye nyumba ile ndivyo ilivyo. Mbao hushuka kwa msiba, hushuka kwa tohara, na hushuka ubao mpya unapojaribiwa na wenzake. Sababu ya nne haiko. Kumshushia mbao mtu anayetaka kusikia tu ni sawa na kuchimba kaburi halafu kuulizana nani aingie. Gracien alieleza, akaonyesha karatasi, akaonyesha hata mkono wa shati. Ezironi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema wapigaji wake wanaweza kujifunza, hilo halikatazwi, ila watajifunzia chini. Ukitokea msiba wa mtu mkubwa, baada ya kuzika, watu wakiwa wanakula, atakipitisha hicho kipande chake.

Basi kila Jumamosi Gracien alipanda Maliba. Walichora mbao kumi na sita kwa mkaa kwenye udongo wa uwanja, wanaume wanne wakakaa huku na huku, wakagonga ardhi. Hawakujua kusoma maharage yake, kwa hiyo aliwatilia mdomoni kidogo kidogo, na wao walishika upesi kuliko seminari nzima. Kuku walikusanyika wakidhani kuna mahindi yanatwangwa. Baada ya miezi mitano wanaume wale walikijua kipande chote kwa mikono na hawakuwa wamesikia hata sauti moja yake. Wanawake walikijua cha kwao kanisani, Tonny alikijua cha kwake ndani ya bereti. Kipande kilikuwa tayari, kimelala vipande vipande Bwera, kambini na Maliba, kikingoja mtu afe.

Aliyekuwa karibu zaidi alikuwa Biira, mama yake Ezironi. Umri wake haujulikani. Yeye mwenyewe husema alikuwa ameshaota meno milima ilipokuwa bado inapanda. Marehemu mumewe ndiye aliyeichonga endara, na tangu alipofariki hakuna anayeweza kusema ubao uko sawa isipokuwa Biira. Ezironi huchonga, mama husema. Tangu Aprili alikuwa na kikohozi kinachotikisa masufuria.

Gracien ni mtu wa rozari. Hakumwombea kifo, Mungu ni shahidi. Lakini alianza kupita kumjulia hali, na hakupita mikono mitupu. Alipeleka sukari, akapeleka tangawizi, akapeleka maziwa ya ng'ombe wa Kinyankole.

"Wabukire, mukaka," alimsalimia kama wajukuu wa pale wanavyomsalimia bibi yao. "Umeamukaje?"

"Nimeamka. Pole." Biira alimtazama kuanzia viatu. "Umekuja kuona kama nimeiva?"

"Nilikuja kukusalimia tu, mama."

"Na koti jeusi?"

"Sina lingine."

"Leo nimekohoa mara nne tu. Jana sita. Nakwambia ili usichoke kuhesabu."

Ikawa hivyo juma baada ya juma. Kwa yale maziwa na ile tangawizi, Biira alianza kunenepa. Kikohozi kilikatika Julai. Agosti alionekana shambani na jembe. Watu wakasema amerudishwa kutoka mlangoni na yule Mkongomani wa muziki, na mwanamke mmoja akamletea Gracien mama mkwe wake amtazame.

Kisha, Jumatano moja, Tonny alimfuata pale Mpondwe, akasimama kando ya meza ya fomu, bereti mkononi.

"Mwalimu, amri imeshuka. Jumatatu asubuhi napanda lori. Karamoja."

"Utarudi lini?"

"Jeshi haiulizwi lini."

Gracien aliandika "ndizi" kwenye fomu ya lori la misumari. Hilo halijawahi kutokea kabla wala baada yake. Bila Tonny tarumbeta haikuwepo. Kati ya Kasese na Butembo hapakuwa na mtu mwingine wa kuzipanda zile noti za ukurasa wa tisa. Siku zilizobaki zilikuwa nne.

Kesho yake aliomba ruhusa akapanda Maliba, siku ambayo si yake, na hakubeba kitu. Biira alikuwa jikoni.

"Leo hakuna maziwa," alisema.

"Nilisahau, mama." Akakaa kwenye kigoda, akamweleza habari ya Tonny.

Biira alifikiri. "Kwa hiyo nina mpaka Jumapili."

"Sikusema vile."

"Umesema nini?"

"Nimesema Tonny anaenda."

"Tonny anaenda hataki, mimi sitaki na siendi." Alichochea moto. "Tarumbeta yenyewe inaliaje?"

Gracien alijaribu kumwonyesha kwa mdomo. Biira alimwomba aache.

Ijumaa mchana Ezironi alirudi kula, akakuta maharage yameiva kuliko kawaida na jikoni kuna harufu ya kitu cha zamani. Akainua macho kwenye uchaga, akahesabu. Akahesabu tena.

"Mama, ubao wa saba uko wapi?"

"Ule wa pale? Nilikosa kuni."

"Kuni zimejaa nje."

"Zimelowa."

"Mvua haijanyesha wiki mbili."

"Ndiyo maana nilisahau zilipo. Kula, yanapoa."

Ezironi alikula. Si mtu wa kupiga kelele. Alipomaliza alinawa, akachukua tezo na shoka akapanda mlimani, na Jumamosi nzima ile Maliba ilisikia mti ukichongwa. Jioni alimtumia Gracien ujumbe: kesho baada ya misa ubao unajaribiwa, wimbo wa kujaribia ni wowote, alete watu wake.

Gracien, Martine na wanawake wanane walipanda kwenye lori la maharage la jamaa wa Martine, lori likicheka njia nzima. Tonny alikuja na ruhusa ya mpaka saa kumi na mbili. Magogo ya mgomba yalikuwa yamekatwa asubuhi ile, yakitoa maji. Ezironi alizilaza mbao kumi na tano zenye rangi ya moshi, na katikati yake ule wa saba, mweupe kama jino.

Kabla ya fimbo kuinuliwa alimwita Gracien pembeni.

"Mzee, tuelewane. Sikupigii wimbo, najaribu ubao. Ukikaa sawa tunafungua, zinarudi juu. Hata ukiwa katikati ya neno."

"Nimekubali."

"Na anayesema uko sawa ni yule pale." Akaonyesha kwa kidevu. Biira alikuwa amekaa kwenye mkeka na hindi la kuchoma.

Wakaanza.

Mwanzo wake ni endara peke yake, taratibu, mbao za chini. Gracien alikuwa amesimama, akakaa. Alikuwa ameusikia mwanzo huo labda mara elfu kumi, lakini kichwani haukuwa na uzito wa kutikisa miguu. Fimbo zilipogonga, maji ya mgomba yaliruka yakamlowesha suruali, na yeye hakuwa ameyaandika. Kisha wanawake wakaingia na o yao, na zile noti mbili za kitanda kimoja zikabishana kweli kweli, mbwa akaondoka uwanjani. Ubao wa saba uliguswa mara ya kwanza. Ulikuwa chini. Ezironi aliuchomoa wengine wakiendelea kupiga, akaupunguza ncha kwa tezo, akaurudisha.

Ukurasa wa tatu, ukaimba ile sauti isiyo na jina. Kila mtu aliijua. Mabega ya wapigaji wanne yalishuka pamoja. Ezironi akamgeukia mama yake.

Biira alitafuna. "Bado."

Ezironi alimtazama kidogo. Akauchomoa, akapunguza ncha unywele mmoja. Uliporudi ulikuwa umepanda, unabana kama kiatu.

"Bado," Biira akasema.

Akaukwangua tumbo ili ushuke. Ukashuka, ukapitiliza. Sasa kila ulipoguswa ulilia kama sufuria lililopasuka, na ulikuwa unaguswa mara nyingi, maana ndio wimbo wenyewe. Wanawake waliimba m wakiwa wamekunja nyuso. Mwisho wa ukurasa wa tano Ezironi aliinua mkono, na fimbo zikasimama.

"Mama, mimi sikuelewi leo," alisema. Kisha akamgeukia Gracien. "Wewe mzee unasikia mbuzi ndani ya lori. Niambie. Nilipourudisha mara ya kwanza, ulikuwa sawa au haukuwa?"

Gracien alielewa vizuri kabisa anaulizwa nini. Akisema haukuwa sawa, kipande kinaendelea mpaka mwisho, na mama wa watu anabaki na heshima yake. Akisema ulikuwa sawa, jaribio lilikwisha zamani, mbao zinarudi kwenye moshi, na Tonny anapanda lori. Kurasa sita alizokuwa hajazisikia alikuwa amezikunja mkononi. Biira alimtazama juu ya hindi lake, akamkonyeza kwa jicho moja kama anayefukuza nzi.

Lakini mtu huyo hakuwa na mali nyingine duniani zaidi ya sikio. Angeweza kudanganya kuhusu umri wake, kuhusu mbuzi, hata kwa padri. Kuhusu sauti hakujua uongo unaanziwa wapi.

"Ulikuwa sawa," alisema.

Rachelle aliachia pumzi. "Aa, Maître."

Tonny alianza kumwaga mate ya tarumbeta. Wanawake wakatafuta viatu vyao. Biira aliweka gunzi chini akasema Wakongomani wa siku hizi hawafundishiki.

"Basi tumemaliza," akasema Ezironi, akainama kuanza kuzifungua mbao. Akaushika ule wa saba, na kama fundi yeyote, kabla ya kuuondoa akaugonga kwa kidole. Akaugonga tena. Akachuchumaa.

"Ulikuwa sawa," alisema polepole. "Sasa si sawa."

"Nilisema bado," Biira akasema.

"Mama, nyamaza." Alibaki amechuchumaa, akiupimapima ubao mkononi. Kuupandisha uchagani na wenzake ukiwa umeharibika haiwezekani, moshi ungeukausha hivyohivyo milele. "Umeharibika kwa kosa la nani, hayo ni ya nyumbani. Lakini haujakaa. Endeleeni."

"Tunaanzia wapi?" Rachelle aliuliza, kiatu kimoja mguuni.

"Ukurasa wa tano," Gracien alisema, na sauti yake ya bati ilikuwa imepata kutu zaidi. "Mwisho. Pale kwa m."

Wakaendelea. Ezironi aliukimbiza ubao ule kurasa sita, akiuchomoa na kuurudisha, ncha, tumbo, ncha. Kwenye ukurasa wa nane ulikaribia. Kwenye wa tisa Tonny alizipanda zile noti bila bereti, na wanasema kambini, kilomita zote zile, mlinzi alipiga saluti bila kujua anampigia nani. Kwenye wa kumi ubao ulikuwa umepitiliza tena, na hapakuwa na mti uliobaki wa kupunguza. Ulikuwa mwembamba kama kijiti cha kukorogea uji. Wakaingia ukurasa wa mwisho nao hivyohivyo, ukilia vibaya mahali pake pote palipoandikwa, mara kumi na tisa. Gracien alizihesabu. Kisha wanawake wakanyamaza, tarumbeta ikabaki peke yake, ikaisha.

Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu lilikuwa jaribio la ubao. Mzee mmoja aliuliza kama chakula kipo. Ezironi aliutazama ule wa saba pande zote mbili, akamrushia mama yake.

"Kuni," alisema. Angechonga mwingine wiki ijayo.

Tonny alimshika Gracien mkono, akaushikilia. "Mwalimu, ile ya tisa iko kali. Mdomo imekufa."

"Ulipiga yote."

"Yote. Hakuna nimeruka." Akaangalia saa, akamuaga Biira, akashuka njia ya kambini akiwa ameweka tarumbeta kwapani.

Gracien na Martine walirudi Bwera mbele kwenye lori, pamoja na dereva, wanawake nyuma wakiongea wote kwa pamoja. Walipita njia panda.

"Basi?" Martine akamwuliza.

"Ukurasa wa nne ni murefu."

"Murefu namna gani?"

"Dakika moja inazidi. Kichwani haikuonekana." Akafikiri. "Na kwa ule wa tisa wanawake banapaswa kuingia mbele ya tarumbeta, hapana nyuma."

Nyumbani hakuvua hata viatu. Alikaa mezani, akautoa ukurasa wa nne, akapiga mstari juu ya karibu nusu yake, akaomba kitana. Martine alimpa kile cha zamani. Akamwuliza kama sasa ameridhika.

Gracien alisema hajui, itabidi asikie tena.

Jumatatu saa moja alikuwa Mpondwe kwenye meza yake. Kila dereva aliyekuwa anaelekea Kasese na zaidi aliulizwa jina, mzigo, namba ya gari, na kama anamfahamu mtu yeyote anayepiga tarumbeta.